Haki kati ya Wazee na Vijana

SOMO LA 12

Katika masomo yaliyotangulia tumesoma habari za kodi na habari za mkutano mkuu wa kijiji. Leo tutasoma jambo linalounganisha mambo hayo mawili. Tutajiuliza swali moja: mali ya wote inapogawanywa, je, wazee na vijana wanagawana kwa haki?

Soma polepole. Ukikuta hesabu, chukua kalamu uifanye mwenyewe.

1. Mgao wa nyumbani

Tuanze nyumbani. Tuseme katika nyumba moja wapo bibi, baba, mama, kijana wa miaka 20 na mtoto wa miaka miwili. Mama amepika ugali na maharage. Kuna na kikombe kimoja tu cha maziwa. Je, mama atakigawa kikombe hicho mafungu matano yaliyo sawa?

Hapana. Maziwa atapewa mtoto. Bibi hana meno, kwa hiyo atapikiwa uji. Kijana anakwenda kulima, kwa hiyo ataongezewa ugali.

Hakuna anayelalamika. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja amepata anachohitaji. Tena zamu huzunguka. Bibi alikuwa mtoto, naye alipewa maziwa. Mtoto huyu naye atazeeka, naye atapikiwa uji.

Kumbe haki si lazima iwe kupata sawa kwa sawa. Haki ni kila mtu kupata kwa hitaji lake na kwa zamu yake, bila mmoja kula fungu la mwenzake.

Sasa tazama juu darini. Yapo mahindi ya mbegu. Hata siku ya njaa mama hufikiri mara mbili kabla ya kuyagusa. Mahindi yale ni fungu la mwaka ujao. Kesho haina mdomo wa kulalamika. Ni mama anayeisemea.

Serikali nayo inagawa kama mama huyu. Chungu chake ni kodi. Wewe unachangia chungu hicho unaponunua sabuni, sukari au mafuta ya taa. Kwa hiyo una haki ya kuuliza jinsi kinavyogawanywa.

2. Sisi ni wangapi?

Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12 na laki tatu Tanzania nzima. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Maana yake, pale palipokuwa na mtu mmoja mwaka 1967, leo wapo watano. Lakini nchi haikuongezeka hata hatua moja. Mito ni ile ile, na milima ni ile ile.

Katika watu hao, karibu nusu ni watoto ambao hawajatimiza miaka 18. Hawapigi kura. Hawaingii katika mkutano mkuu wa kijiji. Wazee wenye miaka 60 na zaidi ni wachache sana wakilinganishwa na watoto.

Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Methali hii ni kweli, nayo inatisha. Watoto hawapo mkutanoni. Wajukuu ambao bado kuzaliwa hawapo kabisa. Je, na lao halipo? Jibu la swali hili linatutegemea sisi tuliopo.

3. Mfano wa elimu

Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, watu wengi hawakujua kusoma. Fedha zilikuwa kidogo. Serikali ilikuwa na swali gumu: tuanze kuwafundisha watoto au watu wazima?

Mwalimu Nyerere alieleza mwaka 1964 kwamba tuanze na watu wazima. Sababu yake ilikuwa wazi. Mtoto anayeingia shule leo atachukua miaka mingi kabla ya kubadili kilimo au afya ya kijiji. Mtu mzima akijifunza leo, kesho anatumia elimu yake shambani. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Walimu wa shule za msingi walifundisha watoto asubuhi, na jioni wakawafundisha wazazi wao. Kufikia mwaka 1986 ilihesabiwa kwamba katika kila watu wazima 100, kama 90 walijua kusoma.

Lakini zamu ya watoto haikusahauliwa. Mwaka 1974, huko Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba kufikia mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Huu ni mfano mzuri wa zamu. Mkubwa alitangulia, na mdogo akafuata. Hakuna aliyeachwa njiani kwa makusudi.

Baadaye mambo yaliharibika. Katika miaka ya 1980 na 1990 uchumi ulikuwa mbaya na Serikali ilikuwa na madeni makubwa. Wazazi walichangishwa tena ada, na watoto wengi wakakosa shule. Watoto hao hawakukopa hata senti moja. Lakini walilipa kwa kukosa masomo.

Mwaka 2001 ada ya shule ya msingi iliondolewa. Mwaka 2016 ikaondolewa kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwaka 2022 ikaondolewa kwa kidato cha tano na cha sita. Mzee asiye na mtoto shuleni naye anachangia elimu hiyo kwa kodi. Je, anaonewa? La. Mganga atakayemtibu kesho yumo darasani leo.

4. Mfano wa matunzo ya wazee

Sasa tugeuke upande wa pili. Mzee aliyelima miaka 50 alilisha miji. Pamba yake, kahawa yake na korosho zake zililetea nchi fedha za kigeni. Lakini mkulima hana pensheni kama mwalimu au karani. Jembe linapomshinda, ategemee nini?

Mwaka 2003 Serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee. Sera hii inamhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Hili ni jambo jema. Lakini wazee wengi wanaijua tabu yake. Mzee anapimwa bure, anaandikiwa dawa, kisha anaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Mwaka 2023 ilipitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kusudi lake ni kila mkazi awe na bima.

Zanzibar ilipiga hatua nyingine. Kuanzia Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na zaidi alianza kulipwa pensheni na Serikali, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Kiwango cha kuanzia kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya nayo ilianza mwaka 2018 kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi.

Kijana anaweza kuuliza, "Fedha hizo si zingetukopesha sisi mitaji?" Swali lake si baya. Ukifika sehemu ya 6 utaona kwamba pensheni ya mzee inaweza kumsaidia kijana pia.

5. Mfano wa mikopo ya halmashauri

Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Katika hiyo 10, asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, asilimia 4 ni ya vijana na asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hii kwa muda ili kupanga upya utaratibu wake. Mwaka 2024 ilirudishwa.

Tufanye hesabu. Tuseme mapato hayo ya halmashauri ni shilingi 500,000,000 kwa mwaka.

Asilimia 10 ni shilingi 50,000,000.
Wanawake: shilingi 20,000,000.
Vijana: shilingi 20,000,000.
Wenye ulemavu: shilingi 10,000,000.

Je, hapa wazee wameonewa kwa kuwa hawakutajwa? Fikiri vizuri. Mkopo unarudishwa, kwa hiyo unamfaa mwenye nguvu ya kuzalisha. Mzee wa miaka 80 anahitaji matunzo kuliko deni. Lakini bibi wa miaka 62 anayefuga kuku bado ana nguvu, naye anaweza kuingia katika kikundi cha wanawake. Babu wa umri huo, je? Mjadili darasani.

Jambo moja halina ubishi. Kikundi cha vijana kikikopa na kukataa kurudisha, hakijaikomoa Serikali. Kimekula fungu la vijana wa mwaka unaofuata. Kimepika mbegu.

6. Mfano wa ardhi ya kijiji

Sasa tufike mahali penye ugomvi mwingi.

Ardhi ya kijiji inasimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Sheria inasema Halmashauri ya Kijiji ni mdhamini. Mdhamini ni mtu anayetunza mali kwa niaba ya wenyewe. Haruhusiwi kuitumia kama yake. Halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Na mkutano mkuu ni wewe, ni mimi, ni kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18.

Tuchukue kijiji cha mfano. Kimebakiwa na ekari 240 ambazo hazijagawanywa. Vijana 80 wanaomba mashamba. Mkutano unaitishwa.

Kijana mmoja anasimama. Anasema: "Ndugu Mwenyekiti, sisi tuko 80. Ekari 240 ukigawa kwa 80, kila mmoja anapata ekari tatu. Tupeni tulime. La sivyo tutakwenda mjini kutafuta vibarua."

Mzee mmoja anajibu: "Wanangu, ng'ombe wetu wanakula pale. Kuni tunaokota pale. Mkilima pote, mifugo itakwenda wapi? Tena wengine mtauza mashamba mnunue pikipiki."

Mama mmoja anauliza: "Shule yetu ina watoto 150. Baada ya miaka 10 nao watasimama hapa kama vijana hawa. Tutawapa nini?"

Kimya kinatanda. Kila mmoja amesema kweli, lakini kweli ya upande wake.

Ndipo katibu anafungua daftari. Anakuta kwamba katika wale vijana 80, vijana 30 ni watoto wa wazee wenye mashamba makubwa. Mmoja wa wazee hao ana ekari 40, naye analima ekari sita tu. Zilizobaki ni pori.

Mkutano unamgeukia mzee huyo. "Mzee wetu, mbona huwagawii wanao?"

Mzee anakaa kimya kidogo. Kisha anasema: "Jirani yangu aliwagawia wanawe shamba lote. Mmoja aliuza, mwingine akahama. Jirani akabaki anaomba unga kwa watu. Mimi sina pensheni. Shamba hili ndilo pensheni yangu. Wanangu wanakuja kunijulia hali kwa sababu bado ninalo. Nikiligawa lote leo, kesho nani atanilisha?"

Ndugu mwanakisomo, rudia kusoma maneno ya mzee huyu. Si mchoyo. Ana hofu. Na hofu yake ndiyo inayomfanya mwanawe akose shamba. Mtoto naye anaona miaka inapita, anakasirika, anakimbilia mjini. Mzee anabaki peke yake, yaani kile kile alichokiogopa.

Sasa unaona jinsi mambo yanavyoshikana. Mzee akiwa na hakika ya matibabu na ya chakula, hana haja ya kung'ang'ania ekari 40. Kwa hiyo matunzo ya mzee yanafungua njia ya kijana. Na kijana akipata shamba na kulima, analipa ushuru unaosaidia kumtunza mzee.

Katika mfano wetu, baada ya mikutano miwili, kijiji kiliamua hivi:

Ekari 100 wapewe vijana 50 ambao wazazi wao hawana ardhi ya kutosha. Kila mmoja apate ekari mbili.
Ekari 80 zibaki kuwa malisho na msitu wa kuni.
Ekari 60 ziwe akiba ya watoto, zisiguswe kwa miaka 10.

Jumla: 100 + 80 + 60 = 240.

Vijana 30 waliobaki watazungumza na wazazi wao. Kila mzazi atakayekubali kugawa shamba ataandikiana na wanawe mbele ya Halmashauri ya Kijiji. Sehemu moja itabaki mikononi mwake mpaka atakapofariki. Watoto wa kike watahesabiwa pamoja na wa kiume, kwa sababu sheria inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume.

Je, kila mtu alifurahi? Hapana. Vijana walitaka ekari tatu, wakapata mbili. Wafugaji walitaka ekari 240 za malisho, wakapata 80. Lakini kila mmoja aliondoka na kitu, na kila mmoja alijua sababu. Hata wale ambao hawakuwapo mkutanoni waliwekewa fungu lao.

7. Deni la leo, mzigo wa kesho

Serikali hukopa. Kukopa si kosa. Baba anayekopa ili ajenge nyumba ya bati anaweza kuwaachia watoto deni kidogo, lakini anawaachia na nyumba. Baba anayekopa ili afanye sherehe anawaachia deni tupu.

Njia ya reli au bomba la maji hutumika miaka mingi. Ni haki watakaolitumia kesho wachangie kulipa. Lakini mkopo ulioliwa leo ukalipwa na mtoto wa kesho ni sawa na kula mbegu zake. Mbunge wako na diwani wako wakija kijijini, waulize: tulikopa kwa kazi gani, na kazi hiyo itadumu miaka mingapi?

8. Maswali manne ya kupima mpango

Ukisikia mpango wowote wa Serikali au wa kijiji, upime kwa maswali haya manne:

(a) Nani atapata?
(b) Nani atalipa, na atalipa lini?
(c) Je, zamu itazunguka? Yaani, kijana wa leo akizeeka, atapata alichopata mzee wa leo?
(d) Nani hayupo mkutanoni, na ni nani anayemsemea?

Mpango ukijibu vizuri maswali yote manne, uunge mkono. Ukishindwa swali moja, simama uulize. Kuuliza si ukorofi.

9. Tufanye nini kijijini?

Kwanza, tuhudhurie mikutano. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Vijana wengi husema mikutano ni ya wazee, kisha hulalamika kwamba wazee wanaamua peke yao. Ukitimiza miaka 18 unapiga kura. Ukitimiza miaka 21 unaweza kugombea uongozi wa kijiji.

Pili, tuandike. Maamuzi ya mkutano yaandikwe katika muhtasari na yasomwe mkutano unaofuata. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe sasa unajua kusoma. Omba kuuona muhtasari.

Tatu, tupange matumizi ya ardhi ya kijiji chetu mapema, kabla ardhi haijaisha. Akiba ya watoto haiwezi kutengwa katika ardhi iliyokwisha kugawanywa.

Nne, tuzungumze nyumbani. Mzee aeleze hofu yake. Kijana aeleze haja yake. Magomvi mengi ya mashamba huanza kwa sababu hakuna aliyetangulia kuuliza.

MANENO YA KUJIFUNZA

akiba – kitu kinachowekwa kwa ajili ya baadaye
idhini – ruhusa
mdhamini – mtu anayetunza mali kwa niaba ya wengine
muhtasari – maandishi ya mambo yaliyoamuliwa mkutanoni
riba – nyongeza inayolipwa juu ya mkopo
sera – mwongozo wa Serikali juu ya jambo fulani

MASWALI

1. Kwa nini mama hakugawa maziwa sawa kwa sawa?
2. Mwaka 1964 ilielezwa kwamba elimu ianze na watu wazima. Sababu ilikuwa nini?
3. Zanzibar ilianza lini kuwalipa pensheni wazee wa miaka 70 na zaidi?
4. Kwa nini mzee mwenye ekari 40 hakutaka kuwagawia wanawe?
5. Nani anatoa idhini ya kugawa ardhi ya kijiji?

MAJADILIANO

1. Kama ungekuwa katika mkutano ule, ungegawa ekari 240 namna gani? Toa sababu.
2. Kijana anasema, "Wazee wamekula zamani, sasa ni zamu yetu." Mzee anasema, "Vijana wangoje kama sisi tulivyongoja." Ni wapi kila mmoja amesema kweli, na ni wapi amekosea?

HESABU

1. Mapato ya ndani ya halmashauri ni shilingi 300,000,000. Asilimia 10 ni kiasi gani? Wanawake, vijana na wenye ulemavu watapata kiasi gani kila kundi?
2. Mzee ana ekari 12 na watoto wanne, wawili wa kike na wawili wa kiume. Anabakiza ekari nne. Zilizobaki anawagawia watoto wote sawasawa. Kila mtoto atapata ekari ngapi?

KUANDIKA

Andika barua fupi kwa Mwenyekiti wa Kijiji. Omba kwamba jambo la akiba ya ardhi kwa ajili ya watoto liingizwe katika mkutano mkuu ujao. Toa sababu mbili. Usisahau tarehe, anwani na sahihi yako.